Kinga dhidi ya programu za kijasusi katika mitandao ya kompyuta kazini

Programu ya kijasusi ni aina ya programu hasidi inayoingizwa katika kompyuta au simu bila ridhaa ya mwenye kifaa, ili ikusanye habari zake na kuzipeleka kwa siri kwa mtu mwingine. Inaweza kunasa kila herufi inayoandikwa kwenye kibodi, kupiga picha skrini, kunakili mafaili, kusoma barua pepe, kuwasha maikrofoni au kuiba nywila.

Kinga dhidi ya programu hizo mahali pa kazi ni jumla ya hatua za kiufundi, za kiutawala na za kisheria zinazochukuliwa ili zisiingie katika mtandao wa ofisi. Zikishaingia, hatua hizo huzizuia zisienee na husaidia zigunduliwe mapema. Makala hii inaeleza hatua hizo kwa kutumia matukio yaliyoripotiwa Afrika Mashariki na kwingineko, pamoja na mazingira ya ofisi za mkoa wa Kigoma nchini Tanzania.

Jinsi inavyofanya kazi

Programu ya kijasusi inatofautiana na programu hasidi nyingine kwa ukimya wake. Programu inayofunga mafaili na kudai fidia hujitangaza yenyewe, kwa sababu mwenye kuituma anataka kulipwa. Programu ya kijasusi haiharibu kitu, na kompyuta huendelea kufanya kazi kama kawaida. Kadiri inavyokaa muda mrefu bila kujulikana, ndivyo inavyomfaidi aliyeituma.

Kwa kawaida kazi yake hupitia hatua nne. Kwanza huingia katika kompyuta moja. Pili hujificha, mara nyingi kwa kujipa jina linalofanana na la programu halali. Tatu hukusanya habari. Nne huzipeleka nje kupitia intaneti, kwenye seva ya mtu aliyeituma.

Katika mtandao wa ofisi huongezeka hatua nyingine, nayo ni kuhama. Kompyuta za ofisi hushirikiana printa, mafaili na seva, na mara nyingine hata nywila. Kwa hiyo nywila iliyoibwa katika kompyuta ya mapokezi inaweza kufungua kompyuta ya mhasibu. Ndiyo sababu usalama wa mtandao mzima hutegemea kompyuta yake iliyo dhaifu kuliko zote.

Ofisi za mkoa wa Kigoma

Kigoma ni mji wa bandari kwenye pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika. Pamoja na mji wa kale wa Ujiji unaunda Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Reli ya Kati inaishia hapo, na bandari yake hupitisha mizigo ya kwenda Burundi na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unafika mkoani, na kazi nyingi zilizokuwa zikifanywa kwa daftari na muhuri sasa hufanywa kwa kompyuta. Miongoni mwazo ni malipo ya halmashauri, kumbukumbu za wagonjwa, nyaraka za forodha, alama za wanafunzi na orodha za mishahara.

Mkoa una pia watu ambao taarifa zao zinahitaji ulinzi wa pekee. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na baadaye ilipokea pia Warundi wengi. Ofisi zinazowahudumia wakimbizi huhifadhi majina, vijiji walikotoka, majina ya ndugu, hali ya afya na sababu za kukimbia. Mfanyabiashara akiibiwa orodha ya wateja, hasara yake ni fedha. Mkimbizi ambaye taarifa zake zimefika mikononi mwa watu aliowakimbia anaweza kupoteza maisha, yeye au ndugu aliowaacha nyumbani.

Njia za kuingia

Barua pepe na viambatisho

Njia inayotumika sana ni barua pepe inayoonekana kutoka kwa mtu anayejulikana, ikiwa na kiambatisho au kiungo. Mei 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba wadukuzi waliohusishwa na China walilenga wizara na idara nane za serikali ya Kenya kwa miaka kadhaa, ikiwemo ofisi ya rais. Kwa mujibu wa taarifa hiyo, katika uvamizi mmoja wa mwaka 2019 mtumishi wa serikali alipakua waraka wenye programu hasidi bila kujua. Kupitia waraka huo wavamizi waliingia katika mtandao na kuzifikia idara nyingine. China ilikanusha madai hayo.

Tukio hilo linaonyesha kwamba mvamizi hahitaji kuanza na kompyuta ya mkubwa. Mtumishi yeyote anayefungua nyaraka kila siku anaweza kuwa mlango wake.

Flashi na vifaa vingine vya kuhifadhia

Mahali ambapo intaneti ni ghali au hukatika, mafaili husafiri kwa flashi. Mwalimu huchapisha mtihani katika duka la steshenari, karani hupeleka taarifa makao makuu ya wilaya, na mgeni huleta mada ya semina. Flashi moja inaweza kupita katika kompyuta kumi kwa siku moja, na kompyuta ya steshenari hupokea flashi za mji mzima.

Hata taasisi kubwa zimeathirika kwa njia hiyo. Mwaka 2008 flashi iliyochomekwa katika kompyuta ya jeshi la Marekani huko Mashariki ya Kati iliingiza programu ya kijasusi iliyoitwa agent.btz. Programu hiyo ilienea katika mitandao ya kijeshi, ikiwemo ya siri. Novemba mwaka huo jeshi hilo lilipiga marufuku matumizi ya flashi katika kompyuta zake, na marufuku hiyo ililegezwa mwaka 2010.

Programu zisizosasishwa

Kila programu ina kasoro zinazogunduliwa baada ya kutolewa. Mtengenezaji hutoa sasisho la kuziba kasoro hizo. Tangu siku hiyo kasoro inajulikana kwa wote, wakiwemo wadukuzi, na ofisi isiyosasisha hubaki wazi.

Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba seva zake zimevamiwa. Zilikuwa na taarifa za watu zaidi ya 515,000, kutoka vyama visivyopungua 60 vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu duniani. Taarifa hizo zilihusu huduma ya kuwatafuta ndugu waliopoteana kwa sababu ya vita, majanga au uhamiaji. Wavamizi waliingia tarehe 9 Novemba 2021 kupitia kasoro ambayo sasisho lake lilikuwa limekwisha kutolewa lakini halijawekwa. Walitumia zana zilizowawezesha kujifanya watumiaji au wasimamizi halali, na hawakugunduliwa hadi tarehe 18 Januari 2022, yaani baada ya siku 70.

Hatari kama hiyo ipo katika mifumo endeshi iliyozeeka. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Nakala zisizo halali

Baadhi ya ofisi hutumia nakala za programu zilizovunjwa leseni. Programu ndogo inayovunja leseni mara nyingi huja na maelekezo ya kuzima kwanza programu ya kuzuia virusi. Mtumiaji anayefuata maelekezo hayo anafungua mlango kwa mkono wake mwenyewe, na hana njia ya kujua ni nini kingine kilichoingia pamoja na programu aliyoitaka.

Mitandao ya nje ya ofisi

Mfanyakazi anaposafiri huunganisha kompyuta ya kazi na Wi-Fi ya hoteli au ya mgahawa, kisha anairudisha ofisini. Mwaka 2015 shirika la Privacy International lilichapisha taarifa kuhusu Uganda. Kwa mujibu wa taarifa hiyo, vyombo vya usalama vya nchi hiyo vilitumia programu ya FinFisher katika operesheni iliyoitwa Fungua Macho, iliyofuata maandamano ya baada ya uchaguzi wa 2011. Hoteli kadhaa za Kampala, Entebbe na Masaka zilitajwa kuwa sehemu ambako mitandao ya bandia ya Wi-Fi ilitumika kuwafikia waliolengwa. Serikali ya Uganda ilikanusha.

Kifaa kilichotoka mikononi mwa mwenyewe

Baadhi ya programu za kijasusi huwekwa na mtu aliyekishika kifaa kwa dakika chache. Mwaka 2025 maabara ya Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto ilieleza kuwa imekuta programu ya FlexiSPY, inayouzwa hadharani, katika vifaa vya watengenezaji filamu wa Kenya. Kwa mujibu wa uchunguzi huo, programu iliwekwa wakati vifaa vilipokuwa vinashikiliwa na polisi. Kwa ofisi ya kawaida somo ni kwamba kompyuta iliyopelekwa kwa fundi, iliyoazimwa au iliyopotea na kupatikana inapaswa kukaguliwa kabla ya kuunganishwa tena na mtandao.

Vifaa na mitambo iliyopokelewa

Januari 2018 gazeti la Le Monde la Ufaransa liliripoti kuhusu makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, yaliyojengwa kwa msaada wa China. Kwa mujibu wa gazeti hilo, data kutoka seva za jengo hilo zilikuwa zikipelekwa Shanghai kila usiku kati ya saa sita na saa nane, kuanzia Januari 2012 hadi Januari 2017. Hali hiyo iligunduliwa kwa sababu mafundi waliona seva zinafanya kazi nyingi saa ambazo ofisi ni tupu. China ilikanusha.

Hatua za kinga

Hakuna hatua moja inayotosha. Wataalamu hupendekeza kinga ya tabaka kadhaa, ili mvamizi akipita tabaka moja akutane na jingine.

Hatua za kiufundi

• Kusasisha mfumo endeshi, vivinjari, programu za ofisi na ruta mara masasisho yanapotoka. Mahali penye intaneti ndogo, kompyuta moja inaweza kupakua masasisho usiku na kuyagawia nyingine.
• Kuweka programu ya kuzuia virusi katika kila kompyuta, na kuzuia watumiaji wasiweze kuizima.
• Kutenganisha akaunti. Mfanyakazi hutumia akaunti ya kawaida isiyoweza kuingiza programu mpya. Akaunti ya msimamizi hutumiwa na fundi tu, kwa kazi maalumu. Programu nyingi za kijasusi hushindwa kujisimika vizuri zikikutana na akaunti isiyo na mamlaka.
• Kugawa mtandao. Uhasibu, seva na kompyuta za wageni viwe katika sehemu tofauti. Wi-Fi ya wageni isifike kabisa kwenye kompyuta za ofisi.
• Kuzuia flashi zisizojulikana. Ofisi inaweza kuwa na kompyuta moja isiyounganishwa na mtandao kwa ajili ya kukagua flashi zote zinazotoka nje.
• Kuweka uthibitishaji wa hatua mbili katika barua pepe na mifumo ya fedha. Mwenye kuiba nywila peke yake hataweza kuingia.
• Kusimba taarifa nyeti, ili faili likiibwa lisisomeke bila ufunguo.
• Kuchunguza kinachotoka. Ofisi nyingi hulinda kinachoingia tu, kumbe kazi ya jasusi hukamilika pale habari inapotoka. Kumbukumbu za ruta zinaonyesha kompyuta ipi imetuma data nyingi, saa ngapi na kwenda wapi. Mfano wa Addis Ababa unaonyesha faida ya uchunguzi huo.

Hatua za kiutawala

• Kumteua mtu mmoja anayewajibika kwa usalama wa mtandao, hata kama ofisi ni ndogo na mtu huyo ana kazi nyingine.
• Kuwa na orodha ya kompyuta, simu na ruta zote za ofisi. Kifaa kisichojulikana hakiwezi kulindwa.
• Kufunga akaunti ya mfanyakazi siku anapohama, kustaafu au kuacha kazi.
• Kukataza kuazimana nywila. Katika ofisi nyingi nywila ya mfumo hujulikana na idara nzima ili kazi isikwame mmoja anapokuwa safarini. Dawa yake ni kumpa kila mhusika akaunti yake.
• Kukusanya taarifa zinazohitajika tu na kufuta zisizohitajika tena. Taarifa isiyokuwepo haiwezi kuibwa.
• Kufundisha wafanyakazi wote, wakiwemo wakuu wa idara, makatibu muhtasi, madereva na walinzi wanaotumia simu za ofisi.

Hatua za mfanyakazi mmoja mmoja

Mfanyakazi hana budi kuthibitisha kwa simu barua pepe asiyoitarajia kabla ya kufungua kiambatisho, hasa ikiwa inamharakisha au inamtisha. Anapaswa kufunga skrini anapoondoka mezani, kutotumia nywila moja katika mifumo miwili, na kutoingiza programu za mchezo au muziki katika kompyuta ya kazi. La muhimu zaidi ni kutoa taarifa mapema akihisi amekosea. Kwa sababu hiyo ofisi inayomwadhibu anayekiri kosa hujidhuru yenyewe: wafanyakazi hujifunza kunyamaza, na ukimya huo ndio unaomfaa jasusi.

Dalili na hatua baada ya kugundua

Programu nzuri ya kijasusi haionyeshi dalili kwa urahisi. Hata hivyo, baadhi ya mambo huhitaji kuchunguzwa:

• Kifurushi cha intaneti kuisha haraka kuliko kawaida bila sababu.
• Kompyuta kutuma data usiku au siku za mapumziko.
• Programu ya kuzuia virusi kujizima.
• Taa ya kamera kuwaka bila mtu kuitumia.
• Akaunti kuonyesha imefunguliwa kutoka mahali ambapo mwenyewe hakuwepo.
• Wateja kupokea barua pepe ambazo ofisi haikutuma.

Ofisi ikishuku uvamizi, kompyuta husika hutolewa mtandaoni kwa kuchomoa waya au kuzima Wi-Fi. Haifai kuizima papo hapo wala kufuta mafaili, kwa kuwa ushahidi uliomo katika kumbukumbu yake utapotea. Nywila hubadilishwa kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo safi. Zikibadilishwa kwenye kompyuta ileile, jasusi hunasa na mpya pia. Kisha fundi huchunguza kompyuta nyingine za mtandao, husimika upya mfumo endeshi na kurudisha mafaili kutoka nakala ya akiba. Watu ambao taarifa zao zimeibwa wanapaswa kuelezwa, ili nao wajilinde.

Nchini Tanzania matukio ya usalama wa kompyuta hushughulikiwa na TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Taasisi za umma husimamiwa pia na Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA) katika masuala ya matumizi ya teknolojia serikalini.

Sheria

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ya Tanzania inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa, kunasa mawasiliano, kufanya ujasusi wa data, na kumiliki au kusambaza vifaa na programu za kutendea makosa hayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu zizilinde, na imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hivyo shule, hospitali au kampuni iliyoibiwa taarifa inaweza kuulizwa ilichukua hatua gani za kinga.

Kenya ina sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao ya mwaka 2018 na sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Uganda ina sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 2011 na sheria ya ulinzi wa data na faragha ya mwaka 2019.

Ufuatiliaji wa mwajiri

Mwajiri ana haki ya kulinda mtandao wake, na kazi hiyo humlazimu kuona baadhi ya mambo yanayopita humo. Tofauti kati ya usimamizi na ujasusi iko katika uwazi na kiasi. Usimamizi halali hutangazwa kwa maandishi, huhusu vifaa vya kazi na hukusanya kinachohitajika kwa usalama tu. Programu inayowekwa kisirisiri kusoma mazungumzo binafsi ya wafanyakazi ni ya kijasusi hata kama aliyeiweka ni mkuu wa ofisi. Ina hatari nyingine pia, kwa kuwa habari zote inazokusanya hulundikana mahali pamoja, na mdukuzi akipafikia hupata kila kitu.

Mipaka ya kinga

Zipo programu ambazo hatua za kawaida haziwezi kuzizuia. Pegasus, iliyotengenezwa na kampuni ya NSO Group ya Israeli, imeweza kuingia katika simu bila mwenye simu kubonyeza chochote. Desemba 2021 iliripotiwa kwamba simu za iPhone za wafanyakazi wasiopungua tisa wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani, waliokuwa Uganda au wakishughulikia masuala ya Uganda, zilidukuliwa kwa programu ya kampuni hiyo. Mwezi mmoja kabla, serikali ya Marekani ilikuwa imeiweka NSO Group katika orodha ya kampuni zilizowekewa vikwazo vya biashara.

Hata hivyo, programu za namna hiyo ni ghali na huelekezwa kwa watu wachache waliochaguliwa. Matukio ya Kenya mwaka 2019, ya jeshi la Marekani mwaka 2008 na ya Msalaba Mwekundu mwaka 2021 yalipitia njia za kawaida: waraka uliofunguliwa, flashi iliyochomekwa na sasisho lililocheleweshwa. Njia hizo ndizo zilizo wazi katika ofisi nyingi, ikiwemo ofisi ndogo ya kata yenye kompyuta mbili na ruta moja, na kuzifunga kunahitaji zaidi utaratibu unaofuatwa kila siku kuliko fedha nyingi.